Kabla Hujasaini Mkopo wa Shule ya LPN: Namna ya Kupima Deni na Mshahara

Jumapili moja baada ya ibada, mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu hapa Minnesota na bahasha mbili mkononi. Ana miaka 25, ni CNA, yaani msaidizi wa uuguzi, kwenye nyumba ya wazee, na mgongo umeshaanza kumsumbua kwa kugeuza wagonjwa usiku kucha. "Shikamoo shangazi. Shule mbili zimenikubali kusomea LPN. Hii inaanza mwezi ujao. Hii nyingine inasema ningoje mwaka mzima. Nisaini ipi?"

LPN ni muuguzi mwenye leseni, aliye juu ya CNA na chini ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Nikamwambia, mwanangu, keti kwanza. Hatusaini kitu mpaka tumalize hesabu.

Mwaka 2012 mimi nilisaini bila hesabu. Mtu wa usajili wa shule moja binafsi alinipigia simu karibu kila siku, akanieleza habari za mshahara tu, na mimi nilikuwa nimechoka kubeba boksi. Nilitoka na leseni, namshukuru Mungu, lakini pia nilitoka na deni la dola 24,000 ambalo lilinichukua miaka tisa kulimaliza. Wenzangu niliokuwa nao zamu moja walisoma komyuniti koleji, yaani chuo cha umma, kwa robo ya gharama hiyo, na tulikuwa tunalipwa sawa kwa saa. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyompitisha yule binti siku ile, hatua kwa hatua, na nimeongeza yale ambayo wengine wameniuliza baadaye.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Unanunua leseni. Ukishafaulu mtihani wa NCLEX-PN na bodi ya uuguzi ya jimbo lako ikakupa leseni, meneja wa nyumba ya wazee hakuulizi ada yako ilikuwa kiasi gani. Malipo yako yatapangwa na jimbo unaloishi, aina ya kituo, uzoefu wako na zamu unazokubali. Shule uliyotoka ina uzito mdogo sana katika hilo. Hapa ndipo LPN anapotofautiana na mwanasheria au mtu wa biashara, ambao jina la chuo linaweza kuwafungulia mlango.

Kwa takwimu za serikali za Mei 2024, mshahara wa kati wa LPN kwa nchi nzima ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, yaani karibu dola 30 kwa saa. California na Texas wanamwita LVN, kazi ni ileile. CNA alikuwa kwenye dola 39,530, na RN kwenye 93,600. Mshahara wa kati maana yake nusu ya watu wako chini yake, na wewe unayeanza una uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye nusu hiyo ya chini.

Kwa hiyo usitumie namba ya nchi nzima kwenye hesabu yako. Fungua matangazo ya kazi ya kaunti yako, andika malipo ya vituo vitano, kisha muulize LPN unayefanya naye kazi alianza na shilingi ngapi, kama tunavyosema sisi. Wengi watakuambia ukiuliza kwa heshima. Uliza pia nyongeza ya usiku na ya wikendi, lakini isiingie kwenye hesabu ya kulipa deni. Ukijifungua, ukiugua, au mzazi akizidiwa nyumbani ukalazimika kupanda ndege, nyongeza hiyo inakatika siku hiyohiyo na rejesho la mkopo liko palepale.

Hatua ya 2: Hakikisha shule inaweza kukufikisha kwenye leseni

Ingia kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako utafute orodha ya programu zilizoidhinishwa. Kama shule haimo, hakuna mazungumzo zaidi, hata kama mchungaji wenu ndiye aliyekupa namba yao.

Nasema hivi kwa uchungu. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza operesheni iliyopewa jina la Nightingale: shule kadhaa za Florida ziligundulika kuuza vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi, vya RN na vya LPN, na watu 25 wakashtakiwa. Walionunua walilipa maelfu ya dola, na wahamiaji walikuwa wengi miongoni mwao. Baada ya hapo bodi za majimbo mbalimbali zilianza kufuta leseni. Shule inayokuambia hakuna haja ya mafunzo ya hospitalini, lete tu pesa, ikimbie.

Kwenye tovuti hiyohiyo ya bodi, mara nyingi utakuta asilimia ya wanafunzi wa kila shule waliofaulu NCLEX-PN kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 wastani wa nchi kwa waliosoma Marekani ulikuwa karibu asilimia 87. Shule iliyo chini sana ya hapo kwa miaka miwili mfululizo inakuuzia wasiwasi.

Namba hiyo hata hivyo inaweza kupambwa. Zipo shule zinazoweka mtihani wao wa ndani mwishoni, na usipofikia alama wanazotaka hawakupeleki kwenye NCLEX. Asilimia yao inabaki nzuri, na wewe unabaki na deni bila leseni. Basi waulize kwa barua pepe, ili jibu liwe la maandishi: wa kundi lililopita walianza wangapi, wakamaliza wangapi, na wangapi walizuiwa na mtihani wa mwisho? Mtu wa usajili akizungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3: Soma College Scorecard ukijua mitego yake

Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti ya bure, collegescorecard.ed.gov. Unaandika jina la shule, unachagua fani, unaona deni la kati la waliohitimu na kipato chao miaka michache baadaye. Itumie, ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na ndugu wa kumuuliza. Ila kuna mambo manne ambayo tovuti haitakupigia kelele kuyasema.

Kwanza, imeweka LPN na wasaidizi wa uuguzi, yaani CNA, kwenye kapu moja. Shule inayofundisha CNA wengi na LPN wachache itaonekana ina mshahara mdogo, na haimaanishi kwamba LPN wake wanalipwa vibaya. Pili, inahesabu waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu peke yao. Tatu, baadhi ya wale wanaohesabiwa miaka minne au mitano baadaye wameshakuwa RN, kwa hiyo namba kubwa huenda si ya leseni ya LPN. Na la nne ndilo lililonitisha nilipolielewa: deni linaloonyeshwa ni la mikopo ya serikali kuu. Mkopo wa benki binafsi haumo. Unaweza kuona shule ina deni la kati la dola 9,500 ukafurahi, kumbe kila mwanafunzi ana mkopo mwingine wa pembeni.

Hatua ya 4: Andika gharama yote, na kipato utakachokosa

Chukua daftari. Andika ada, kisha chini yake andika vile vitu ambavyo tangazo haliviweki: vitabu, mfumo wa mazoezi ya mtihani wa kwenye kompyuta, sare, stethoskopu, chanjo na vipimo, ukaguzi wa rekodi ya polisi, kipimo cha dawa za kulevya, nauli au mafuta ya kwenda kwenye mazoezi ya hospitali saa kumi na mbili asubuhi, dola 200 za NCLEX, na ada ya leseni ya jimbo.

Halafu andika saa za kazi utakazopunguza. Kozi nyingi za LPN ni za mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ukali wake ni wa kweli. Ukishuka kutoka saa 40 hadi 24 kwa wiki ukiwa CNA wa dola 19 kwa saa, unapoteza dola 304 kabla ya kodi kila wiki. Kwa wiki 50 ni dola 15,200. Kwa watu wengi huu ni mzigo mkubwa kuliko ada ya komyuniti koleji, na ndio unaowasukuma kukopa fedha za kula. Ongeza na ile unayotuma nyumbani kila mwezi. Zungumza na familia mapema, waambie kwa mwaka huu mmoja itakuwa nusu. Ni afadhali mama asikie kwa mdomo wako Januari kuliko ashangae mwenyewe Machi.

Hatua ya 5: Isome barua ya msaada mstari kwa mstari

Ukijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na kuijaza ni bure kabisa, shule inakuletea barua ya msaada wa fedha. Barua ya shule binafsi, ile inayoanza mwezi ujao, ilikuwa na mistari minne na jumla nono chini. Binti alikuwa anaiona jumla ile kama zawadi.

"Niambie, hapa ni zipi za bure?"

"Zote si ni msaada, shangazi? Wameandika msaada."

Nikampa kalamu ya kijani na nyekundu. Kijani ilipita kwenye mstari mmoja tu: Pell Grant, dola 7,395, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26. Hiyo ni ruzuku, hairudishwi. Iliyobaki yote ilikuwa nyekundu: mkopo wa serikali ambao riba yake serikali inailipa ukiwa shuleni, mkopo wa serikali ambao riba yake inaanza kukua siku unapotolewa, na mstari wa mwisho wenye jina zuri la mpango wa malipo, ambao ulikuwa mkopo wa binafsi. Alitazama karatasi, akanyamaza muda mrefu.

Mambo ya kushika hapa. Mwenye Green Card anastahili kuomba, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamekuwa miongoni mwa wanaostahili. Uliza ofisi ya msaada wa fedha juu ya hati yako mwenyewe, maana sheria za uhamiaji zinabadilika. Aliye kwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati fedha za serikali kuu, wala haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo kiholela, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine kabisa na asiingie kwa kuahidiwa kwamba "utajilipia kwa shifti."

Wenye digrii ya kwanza ya Nairobi, Dar au Makerere: digrii yenu inawaondoa kwenye Pell, hata kama hapa hakuna mwajiri aliyeitambua. Mikopo mnaweza kupata. Msidanganye kwenye fomu kwa kuificha. Ni fomu ya serikali kuu, na mhamiaji hana sababu ya kujitafutia kesi.

Na ukianza kisha ukaacha kabla ya kumaliza asilimia 60 ya muhula, shule inalazimika kurudisha sehemu ya fedha za serikali, na pengo hilo unaweza kudaiwa wewe. Kabla ya siku ya kwanza uwe unajua nani atabaki na watoto wakiumwa.

Hatua ya 6: Geuza deni liwe rejesho la mwezi

Mkopo wa serikali kuu wa mwanafunzi wa ngazi ya kwanza uliotolewa kati ya Julai 2025 na Juni 2026 una riba ya asilimia 6.39. Kwa mpango wa kawaida wa miaka kumi, kila dola 10,000 unazokopa zinakuwa rejesho la dola 113 kwa mwezi. Shika namba hiyo, itakusaidia popote. Mkopo wa binafsi wa asilimia 12, ambao si wa ajabu kwa mtu mwenye historia fupi ya mikopo, ni karibu dola 143 kwa kila 10,000.

Tukaziweka bahasha mbili mezani.

Shule A, komyuniti koleji, gharama yote dola 12,000. Pell inatoa 7,395, akiba yake 1,605, anakopa 3,000. Rejesho: dola 34 kwa mwezi.

Shule B, binafsi, gharama yote dola 31,000. Pell ileile inatoa 7,395, zinabaki 23,605. Kwa kuwa ana zaidi ya miaka 24 anahesabiwa anajitegemea, na mwaka wa kwanza serikali inamkopesha mwisho dola 9,500. Zilizobaki, 14,105, ni za mkopo wa binafsi. Rejesho: 107 kwa serikali na 202 kwa binafsi, jumla kama dola 310 kwa mwezi, kwa miaka kumi. Mpaka amalize atakuwa amelipa zaidi ya dola 37,000, bila kuhesabu riba iliyokua akiwa darasani.

"Lakini B naanza sasa," akasema. Na hoja yake ni ya haki, isipuuzwe. Mwaka wa kungoja ni mwaka wa kulipwa kama CNA badala ya LPN. Tofauti ya mishahara ya kati ni dola 22,810 kabla ya kodi. Ukitoa kodi, na ukikumbuka kwamba LPN mpya haanzi na mshahara wa kati, ni kama dola 15,000 hivi mkononi. Upande wa pili, B inamgharimu zaidi ya A kwa takriban dola 31,000. Kungoja mwaka mmoja kunamfaa. Kama foleni ya A ingekuwa miaka miwili, mizani ingekaribia kulingana, na hapo ningemwambia atafute shule ya tatu: chuo cha ufundi cha umma cha kaunti jirani, au kozi ya jioni. Hesabu hii ifanye na namba zako mwenyewe. Foleni nyingine huwa za miezi sita tu.

Kanuni ya serikali ya mwaka 2023 ilitumia kipimo chake kwa kozi za aina hii: marejesho ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Angalia, dola 3,720 za B kwa mwaka zingekuwa ndani ya kipimo hicho hata kwa mshahara wa dola 50,000. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, gari, na kutuma nyumbani, kipimo hicho kimelegea mno. Mimi ninachowaambia vijana ni hiki: rejesho la mwezi lisizidi unachobeba mkononi kwa shifti moja ya saa nane. Kwa LPN wa dola 28 au 30 ni kama dola 180 au 190. Likivuka hapo, kila mwezi kwa miaka kumi utakuwa unafanya shifti moja na nusu, au mbili, kwa ajili ya benki.

Hatua ya 7: Chuma za bure kabla ya kukopa

Nenda American Job Center ya eneo lako, ofisi ya umma ya kusaidia wanaotafuta kazi, uulize fedha za mafunzo za WIOA, mpango wa serikali wa mafunzo ya kazi. Wana orodha ya shule zilizokubaliwa, na uuguzi mara nyingi umo. Nenda pia ofisi ya rasilimali watu hapo unapofanya kazi. Mwajiri anaweza kulipia masomo yako hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu yake. Soma mkataba: ukiondoka kabla ya muda uliokubali, unarudisha kiasi gani, na je, unapungua kadiri unavyokaa?

Kama bado hujawa CNA, usikope hata senti kwa kozi hiyo. Nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, ikikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya mafunzo, sheria ya serikali kuu inalitaka jimbo lihakikishe unarudishiwa gharama. Tunza risiti.

Na chama chenu cha kuchangiana kipo. Nimeona kina mama wakipangia mwenzao zamu yake ya kupokea iangukie mwezi wa kulipa ada. Hakuna riba hapo.

Hatua ya 8: Tazama mlango wa RN kabla ya kuingia

Wengi wetu tunasema LPN ni ngazi ya kupandia. Basi uliza: vyuo vya umma vya jimbo hili vinavyofundisha LPN kuwa RN vinapokea masomo ya shule hii? Mimi sikuuliza. Nilirudia anatomia na Kiingereza kwa fedha zangu, kwa kuwa chuo kilichonipokea hakikukubali hata somo moja nililolisoma. Piga simu kwa chuo unakotaka kwenda baadaye, usiiulize shule inayokuuzia.

Ukitegemea msamaha wa deni, fahamu kwamba PSLF, mpango wa kusamehe madeni ya wanaofanya kazi za utumishi wa umma, inadai marejesho 120 ukifanya kazi muda wote serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida. Nyumba nyingi za wazee ni za biashara, hazihesabiki. Programu ya Nurse Corps ya kulipia madeni inawachukua RN, haiwachukui LPN, hata kama tangazo limesema "wauguzi."

Na kama unapanga kuhama, leseni moja inayokuruhusu kufanya kazi kwenye majimbo mengi inatolewa kwa wanaoishi kwenye majimbo yaliyojiunga na mkataba wa leseni. Sisi wa Minnesota hatumo, wakati jirani zetu Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili wamo. Wakala akikuahidi malipo ya kusafiri huku unaishi hapa, ongeza ada ya leseni ya kila jimbo kwenye daftari lako.

Hatua ya 9: Ukingoja foleni, usikae

Jumatatu asubuhi binti aliandikisha jina lake kwenye orodha ya Shule A, akawaandikia B kwamba amejitoa. Kabla hajawatumia alinionyesha barua pepe ile. Kwa kuwa hakuwa amesaini chochote, hakuwa na cha kulipa. Wiki hiyo mshauri wa masomo wa A alimpa orodha ya masomo ya awali yanayohesabika kwa LPN na baadaye kwa RN. Amechukua anatomia jioni, siku mbili kwa wiki, analipa kwa fedha taslimu kutoka kwenye zamu za wikendi. Juzi alinipigia saa tano usiku akitoka darasani, anataka nimsikilize akitaja mifupa ya mkono.